Mwalimu, na Sisi Watatucheka Lini?

Swali: Habari za kazi, Daktari. Mimi ni mwalimu wa kemia wa sekondari, Morogoro. Wiki iliyopita nilikuwa nafundisha mwako, nikawatajia wanafunzi kwa kupita tu kwamba zamani watu waliamini kitu kinaitwa flojistoni. Darasa likacheka. Binti mmoja wa mstari wa mbele hakucheka, akaniuliza: "Mwalimu, na sisi watatucheka lini?" Nilimjibu juujuu. Nikaenda kusoma, nikakutana na Thomas Kuhn na habari za mapinduzi ya kisayansi, nikachanganyikiwa zaidi. Wengine wanasema wanasayansi hubadili nadharia kama watu wanavyobadili dini, wengine wanakana kabisa. Wanafalsafa wanasemaje hasa? Na nimwambie nini yule binti?

Jibu: Mwalimu, nakiri swali la huyo binti limenikaa kichwani kuliko lako. Nitalifikia. Ila kwanza tukiondoe hicho kicheko cha darasa, kwa sababu mtu anayecheka flojistoni hataelewa mapinduzi ya kisayansi hata asome vitabu vingapi.

Tuanze jikoni. Mkaa ukiwaka usiku kucha, asubuhi unakuta majivu mepesi ya kupeperushwa. Kuna kitu kimeondoka. Georg Ernst Stahl, daktari wa Kijerumani wa mwanzoni mwa karne ya 18, alisema kilichoondoka ni kile hasa kinachowaka, akakiita flojistoni. Mkaa umejaa flojistoni, ndiyo maana unaacha majivu kidogo. Chuma kikishika kutu, nacho kinapoteza flojistoni, ila polepole. Mshumaa ukiufunika kwa gilasi unazimika kwa kuwa hewa ya ndani imeshiba flojistoni na haina pa kuipokea zaidi. Panya ukimfunika anakufa kwa sababu hiyohiyo, maana kupumua nako ni kutoa flojistoni. Sasa nenda kwa mhunzi. Anachanganya mawe ya madini na mkaa, anavukuta, anatoka na chuma kinachong'aa. Kwa nini? Mkaa umeyapa mawe flojistoni yake.

Dhana moja imeunganisha jiko, kutu, mhunzi na pumzi ya panya. Ikaeleza hata jambo ambalo mrithi wake alishindwa kulieleza: kwa nini mawe ya madini yanatofautiana sana kwa rangi na sura, lakini metali zinazotoka humo zote zinang'aa na zote zinafulika kwa nyundo. Zote zina flojistoni ndani. Kila mwaka nikifundisha mada hii nawagawa wanafunzi wangu kambi mbili, na kambi ya flojistoni hushinda mjadala wa siku ya kwanza.

Ya pili hawashindi, kwa sababu naleta mizani. Choma metali, pima majivu yake: yamekuwa mazito kuliko metali yenyewe. Kitu kimeondoka, uzito umeongezeka! Hapa ndipo wengi wetu tulifundishwa kwamba nadharia hufa. Mwanafalsafa aliyelisema hilo kwa ukali zaidi ni Karl Popper, katika kitabu alichokitoa mwaka 1934. Kwa Popper, nadharia ya kisayansi ni ile inayojiweka hatarini, inayosema wazi ni tukio gani likitokea yenyewe itakuwa imekosea. Mwanasayansi mwema huitafuta ajali hiyo kwa makusudi, na ikitokea, anaitupa nadharia bila kulia.

Ni picha nzuri, na ina heshima yake. Shida ni kwamba historia haikwenda hivyo. Habari ya uzito ilijulikana mapema: Jean Rey, daktari Mfaransa, aliiandikia mwaka 1630, kabla Stahl hajazaliwa. Mwaka 1772 Guyton de Morveau alipima metali moja baada ya nyingine na kuonyesha kwamba ongezeko hilo lipo kweli, kisha akaendelea kuamini flojistoni kwa miaka mingine zaidi ya kumi. Hakuwa mjinga wala mbishi. Kwa wanakemia wengi wa wakati ule kemia ilikuwa elimu ya sifa za vitu: rangi, harufu, ladha, kuwaka na kutowaka. Uzito ulikuwa shahidi mmoja kati ya wengi, na shahidi mmoja akisema jambo la ajabu, unamhoji tena kabla ya kumfunga mshtakiwa.

Na mara nyingi kufanya hivyo ndiko kunakofaa. Sayari ya Uranusi ilipoonekana kwenda kinyume na hesabu za Newton, hakuna aliyemtupa Newton. Le Verrier wa Ufaransa alisema lazima kuna sayari nyingine inayoivuta, akapiga hesabu iko wapi, na usiku wa tarehe 23 Septemba 1846 Galle akaiona kule Berlin, karibu kabisa na mahali alipoambiwa atazame. Ndiyo Neptuni. Baadaye Utaridi nayo ikaonyesha ukaidi, mzingo wake ukisogea kupita hesabu kwa kiasi kidogo sana, sekunde 43 hivi za nyuzi kwa karne. Le Verrier yuleyule, kwa njia ileile, akasema kuna sayari nyingine karibu na Jua. Ikapewa hata jina, Vulcan. Watu wakaitafuta kwa miongo. Haipo. Jibu lilitoka kwa Einstein mwaka 1915, na safari hiyo Newton ndiye aliyelazimika kupisha. Mtu mmoja, njia moja, mara ya kwanza ushindi na mara ya pili aibu. Niambie, Mwalimu, siku ile ya kwanza ya ukaidi ungejuaje hii ni Neptuni au ni Vulcan? Kanuni ya Popper haikusaidii kulijua hilo.

Ndipo anaingia Thomas Kuhn, Mmarekani aliyesomea fizikia hadi udaktari pale Harvard. Mwaka 1947 alikuwa akiandaa mhadhara juu ya chimbuko la mekanika, akamsoma Aristotle, akaona mtu huyu aliyesifiwa karne zote anaandika upuuzi mtupu kuhusu mwendo. Akakaa nao, akitazama nje ya dirisha la chumba chake, hadi ghafla maneno yakajipanga. Aristotle hakuwa akijibu vibaya swali la Newton. Alikuwa akijibu swali jingine. Kwake "mwendo" ulijumuisha tunda kuiva na mtu kupona, si jiwe kuanguka tu. Kitabu cha Kuhn kuhusu muundo wa mapinduzi ya kisayansi, kilichotoka mwaka 1962, kinaanzia hapo hasa, yaani katika kuukataa ule ucheshi wa kuwacheka waliotangulia.

Hoja yake ya kwanza inahusu siku za kawaida, zile zisizo na mapinduzi, na naona ndiyo yenye thamani kuliko zote ingawa ndiyo inayosahaulika. Kwa miaka mingi, anasema, wanasayansi hawajaribu nadharia yao kuu. Wanaitumia kutegua vitendawili. Sisi tunalielewa hili bila maelezo mengi kwa sababu tumekua nalo. Bibi akitega, unajua jibu lipo. Ukishindwa, huwezi kusema kitendawili ni kibovu, unatoa mji. Aibu ni ya mteguaji. Ndivyo ilivyo maabara: jaribio likitoa jibu la ajabu, kwanza tunamkagua mwanafunzi, chombo, na usafi wa chupa.

Mfano tunao nyumbani. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa kidato cha tatu Magamba, alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Akaogopa kukosa nafasi kwenye friji, akaingiza maziwa yake yakiwa bado ya moto. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake yaliyoingia bila kuchemshwa. Akamwuliza mwalimu wa fizikia, akaambiwa amechanganya mambo. Alipofika shule ya Mkwawa, Iringa, akalirudia swali na kung'ang'ania, na mwalimu wa huko akamwambia hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu. Darasa likamtania kwa maneno hayo. Baadaye, akiwa hukohuko, alimwuliza Dk. Denis Osborne wa chuo kikuu cha Dar es Salaam, ambaye naye alilichukua swali akaenda kulijaribu, na mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja. Huwa tunamlaumu yule mwalimu wa kwanza, na kwa adabu ya ualimu alistahili. Lakini kifalsafa alifanya kile ambacho sayansi ya kawaida humfundisha kila mtu kufanya: alimkagua mteguaji kabla ya kitendawili. Angalia pia kwamba tukio la Mpemba halikupindua chochote. Wataalamu bado wanabishana linatokea katika hali gani na kwa nini, na nadharia ya joto iko palepale. Ukaidi mwingi ni wa namna hiyo. Unawekwa kabatini.

Kile kinacholishikilia kundi zima la wanasayansi katika utegaji na uteguaji huo Kuhn alikiita paradaimu. Neno hili sasa limechakaa, kila semina ya biashara ina "paradaimu mpya". Kuhn mwenyewe alichangia: mwanafalsafa Margaret Masterman alilihesabu kitabuni na kulikuta limetumika kwa maana 21. Baadaye Kuhn alisema maana anayoithamini zaidi ni ile ndogo kabisa, yaani tatizo la mfano lililokwisha kutatuliwa, ambalo mwanagenzi huiga hadi mkono unazoea. Wewe ni mwalimu, unajua. Mwanafunzi hajui kemia kwa kukariri kanuni. Anaijua siku anapoliona swali jipya na kusema, "Aa, hili ni kama lile la jana."

Ukaidi ukijaa kabatini hadi mlango haufungiki, na hasa ukigusa mambo ambayo kazi ya kila siku inayategemea, kunakuwa na msukosuko, na huenda likaja jicho jipya. Hapo ndipo penye mapinduzi. Kwa lugha zao Wazungu neno hilo lilianza na mizunguko ya angani. Kitabu cha Copernicus cha 1543 kina neno hilo kichwani, na maana yake ni kuzunguka tu. Letu linatokana na kupindua, kama dau linavyopinduka, cha juu kikawa chini. Kwa habari ya Kuhn naona Kiswahili kimebahatika zaidi.

Sasa turudi kwenye maabara tukaone dau likipinduka. Tarehe 1 Agosti 1774, huko Uingereza, mchungaji Joseph Priestley alielekeza miali ya jua kwa lenzi kubwa kwenye unga mwekundu wa zebaki. Ukatoa hewa. Akaingiza mshumaa humo, ukawaka kwa nguvu ya kushangaza. Mwezi Machi uliofuata akamtia panya, akaishi muda mrefu kuliko katika hewa ya kawaida. Mwishowe akaivuta mwenyewe na kusema kifua chake kilijisikia chepesi. Priestley aliona nini? Kwa macho yake, hewa isiyo na flojistoni hata chembe, yenye njaa ya kuipokea, ndiyo maana mshumaa unawaka hivyo. Akaiita hewa iliyoondolewa flojistoni. Ukiwa ndani ya nadharia yake, jina hilo ni sahihi kabisa.

Oktoba ya mwaka huohuo alikuwa mezani kwa Antoine Lavoisier kule Paris, akamsimulia. Lavoisier alikuwa mtu wa mizani; tangu mwaka 1773 alikuwa ameandika daftarini kwamba kazi aliyoianza italeta mapinduzi katika fizikia na kemia, kabla hata hajaijua hewa hii. Jaribio lake mashuhuri linatosha kuonyesha tofauti ya macho. Alichemsha zebaki kwa siku 12 mfululizo ndani ya chombo chenye inchi za ujazo 50 za hewa. Siku ya pili chembe nyekundu zikaanza kuelea juu ya zebaki. Mwisho ilibaki hewa ya inchi 42 au 43, ambayo ilizima mshumaa. Akakusanya zile chembe, akazipasha moto zaidi, zikatoa inchi saba hadi nane za hewa. Kilichopungua huku kimepatikana kule. Hakuna kilichotoka kwenye metali, kuna kilichoingia. Mwaka 1777 akakipa jina la oksijeni.

Chupa mbili, unga uleule mwekundu, mshumaa uleule. Mmoja anaona hewa iliyopungukiwa kitu, mwingine anaona kitu. Hata swali la nani alivumbua oksijeni halina jibu la tarehe moja: Scheele wa Sweden aliipata kabla yao wote akachelewa kuchapisha, Priestley aliitangaza kwa jina jingine, Lavoisier aliielewa na bado alikosea. Maana jina oksijeni ni "mzaa asidi": aliamini kila asidi ina oksijeni ndani, na Humphry Davy akaonyesha mwaka 1810 kwamba asidi ya chumvi haina. Katika orodha ya vitu asilia 33 aliyoitoa mwaka 1789, Lavoisier aliweka pia mwanga na kaloriki, umajimaji wa joto. Mshindi naye alibeba flojistoni yake mwenyewe, kwa jina jingine.

Kuhn alisema paradaimu mbili za namna hii hazina kipimo kimoja cha pamoja. Hapo ndipo kelele zilipoanza. Kama mizani yenyewe ndiyo inayogombewa, nani ataamua? Mwanafalsafa Imre Lakatos alilalamika kwamba Kuhn amegeuza mabadiliko ya sayansi kuwa saikolojia ya umati. Mwanafalsafa mwingine, Paul Feyerabend, alifurahia upande wa pili, akasema hakuna njia moja ya sayansi na haijawahi kuwapo. Na Kuhn alijiponza, kwani ni yeye aliyelinganisha kubadili paradaimu na kuongoka, akamnukuu na Max Planck aliyedai kwamba ukweli mpya hushinda kwa sababu wapinzani wake hatimaye wanakufa. Hapo ndipo ulipoipata hiyo habari ya dini.

Mimi siikubali, na sababu yangu ni mtu mmoja: Richard Kirwan wa Ireland. Mwaka 1787 alitoa kitabu cha kuitetea flojistoni, kitabu kizito. Marie-Anne, mke wa Lavoisier, akakitafsiri kwa Kifaransa, na mumewe na wenzake wakaambatisha majibu yao, sura kwa sura. Kirwan akayasoma. Mwaka 1791 akasalimu amri. Hakungoja kufa. Guyton aliyepima uzito akaendelea kuamini, naye alivuka, na mwaka 1787 alikuwa mmoja wa walioandika majina mapya ya kemia. Hawa hawakuota ndoto. Walihesabu vitendawili vingapi kila upande unategua, kwa gharama gani ya visingizio. Kuhn mwenyewe alipotulia alisema jambo la karibu na hili. Alitaja vigezo vitano: usahihi, kutojipinga, upana, wepesi, na kuzaa kazi mpya. Wote wanavikubali, ila havijipimi vyenyewe. Wewe unaupa usahihi uzito zaidi, mimi upana. Ni kama baraza la wazee linavyoamua shauri la shamba. Hakuna hesabu ya kukupa jibu, lakini nani angesema wazee wale wanapiga ramli?

Priestley hakuvuka. Wapinzani wa siasa na dini yake walikuwa wamemchomea nyumba Birmingham mwaka 1791, akahamia Marekani mwaka 1794, mwaka uleule Lavoisier alipokatwa kichwa Paris. Mwaka 1800 alichapisha utetezi wake wa mwisho wa flojistoni, karibu peke yake. Je, alikuwa mpumbavu? Alikuwa na haki ya kuuliza swali la metali kufanana, ambalo kemia mpya ililitupa bila kulijibu. Lilikaa kabatini hadi karne ya 20, likajibiwa na elektroni zinazozurura huru ndani ya metali.

Sasa yule binti. Swali lake lina mwanafalsafa wake, Larry Laudan, aliyelipanga kwa ukali mwaka 1981: orodhesha nadharia zilizofanikiwa zamani kisha zikaonekana kusema uongo kuhusu vilivyomo duniani, na utakosa usingizi kuhusu za leo. Jibu linalonishawishi zaidi ni la John Worrall, mwaka 1989. Fresnel aliandika milinganyo ya mwanga akiamini mwanga ni mtikisiko wa etha, kitu kisichoonekana kilichodhaniwa kujaza anga lote. Etha ikaondoka. Milinganyo ikabaki, ikaingia ndani ya nadharia ya Maxwell ilivyo. Kinachopona ni jinsi mambo yanavyohusiana, hata pale vitu vyenyewe tulivyovitaja vinapofutwa.

Jaribu hilo kwa flojistoni. Stahl alisema kuwaka, kutu na kupumua ni jambo moja, na kazi ya mhunzi ni jambo hilohilo kinyumenyume. Hilo halikupinduliwa. Unalifundisha mwenyewe kwa jina la redoksi, yaani vitu kupeana elektroni. Hata ile ya metali kutoa kitu na mkaa kukipa madini, ukisema elektroni badala ya flojistoni, siyo mbali sana. Sisemi Stahl aliona elektroni. Mwenzetu hakuona chochote cha namna hiyo. Nasema mahusiano aliyoyachora yalishika.

Kwa hiyo mwambie: ndiyo, watatucheka, wale wasiosoma. Watakaosoma watakuta baadhi ya vitu tunavyovitaja kwa ujasiri havipo, na baadhi ya mahusiano tuliyoyachora bado yapo kazini. Akikuuliza ni vipi vitabaki, mwambie hata Lavoisier aliweka kaloriki na oksijeni kwenye orodha moja kwa mwandiko uleule.

Na kipindi kijacho chukua nyuzi nyembamba za chuma za kusugulia sufuria, ziweke kwenye mizani, ziwashe. Zitakuwa nzito zaidi, wataona kwa macho. Kabla hujataja oksijeni, mpe huyo binti dakika tano aitetee flojistoni mbele ya wenzake. Akija na jibu kwamba flojistoni ina uzito hasi, usiwaruhusu wamcheke. Wapo wataalamu wa enzi zile waliofika hapohapo. Muulize tu ataupimaje.